Jinsi ya Kujifunza kwa Miti na Wanyama Namna ya Kuvuka Nyakati za Dhiki

Mtu anapofikwa na dhiki, iwe ni kufiwa, kupoteza kazi, maradhi ya muda mrefu au madeni yaliyomzidi kimo, ushauri anaopewa mara nyingi huishia kwenye maneno mawili: jikaze, vumilia. Ushauri huo hauna ubaya, lakini haumwelezi afanye nini kesho asubuhi. Miti na wanyama wanaotuzunguka ni wazao wa viumbe waliopita katika ukame, moto, mafuriko na baridi ya kuua, na ukiwachunguza kwa makini utaona kwamba wengi wao hawanusuriki kwa kujikaza tu. Hunusurika kwa sababu wana njia za kupunguza matumizi, za kulinda kiini cha uhai wao hata kama mengine yatapotea, na za kusubiri dalili ya kweli kabla ya kuanza upya. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyachota mafunzo hayo na kuyatia katika maisha ya kila siku wakati mambo yamekuwa magumu.

Anza kwa kuchuja hadithi

Kabla ya kujifunza lolote, hakikisha unalojifunza ni la kweli. Ziko hadithi nyingi za wanyama zinazosambazwa kwa nia njema ya kuwatia watu moyo, na baadhi yake zinaweza kumpotosha mtu aliyekwisha kuchoka. Mfano mashuhuri ni ule wa tai ambaye, inasimuliwa, akifikisha miaka 40 hupanda mlimani, huuvunja mdomo wake kwa kuugonga mwambani, huzing'oa kucha zake na manyoya yake, kisha husubiri siku 150 mpaka vyote viote upya ili aishi miaka mingine 30. Hakuna tai afanyaye hivyo. Mdomo wa tai hukua maisha yake yote na kulika kwa matumizi, na tai asiye na mdomo hawezi kula, kwa hiyo angekufa njaa muda mrefu kabla ya hizo siku 150 kwisha. Ukweli wenyewe una faida zaidi kuliko hadithi: tai hubadilisha manyoya yake machache machache, haya yakianguka na mengine yakiota, ili wakati wote wa mabadiliko aendelee kuruka na kuwinda. Mtu aliyeiamini hadithi huenda akavunja ndoa, akaacha kazi na akahama mji ndani ya mwezi mmoja wa majonzi, akidhani anajifanya upya. Mtu aliyeuelewa ukweli atabadilisha jambo moja, aone kama bado anaweza kuruka, ndipo aguse la pili.

Mbuni naye amesingiziwa kwamba akiona hatari huzika kichwa mchangani. Yeye hutaga mayai katika shimo la kina kifupi ardhini na huinamisha kichwa ili ayageuze kwa mdomo. Na akitishwa wakati mwingine hulala chini na kuinyoosha shingo juu ya ardhi ili asionekane. Kwa hiyo unaposikia funzo lolote linalohusishwa na mnyama, jiulize kwanza kama kiumbe huyo kweli angeweza kufanya hivyo na akabaki hai, na jambo hilo linamgharimu nini. Swali la gharama ndilo linalosahaulika zaidi, nami nadhani ndilo la maana kuliko yote, kwa kuwa katika maumbile hakuna ulinzi unaopatikana bure.

Itambue dhiki yako ni ya aina gani

Mti unaokabiliana na ukame hautumii njia ile ile unayoitumia ukivunjika tawi, na mnyama anayejiandaa kwa majira ya baridi hafanyi anachofanya akikutwa na moto. Kosa linalofanywa na wengi wetu ni kutumia dawa moja kwa kila ugonjwa. Tenga muda, chukua karatasi, na uandike kwa sentensi moja au mbili dhiki uliyo nayo sasa. Kisha uitazame: je, ni uhaba unaoendelea, ambapo kinachoingia ni kidogo kuliko kinachotoka, kama vile fedha, nguvu za mwili au usingizi? Ni pigo la ghafla lililobomoa kwa siku moja ulichokijenga kwa miaka? Au ni jeraha, yaani kitu kilichoondoka ambacho hakitarudi? Mara nyingi dhiki huja zikiwa zimechanganyika, lakini iko moja inayotangulia, na hiyo ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Kwa uhaba wa muda mrefu

Hapa ndipo maumbile yana mengi ya kutufunza, kwa sababu uhaba ndio mtihani ambao viumbe hupewa mara nyingi zaidi.

Uangalie mbuyu. Kiangazi kikianza hupukutisha majani yake yote na kukaa mtupu kwa miezi mingi. Mti huo haujafa: chini ya gome lake la nje kuna tabaka la kijani linaloendelea kutengeneza chakula kidogo kwa mwanga wa jua. Majani ndiyo yanayopoteza maji mengi, kwa hiyo hayo ndiyo yanayoachwa kwanza, ingawa ndiyo yanayoonekana na ndiyo yanayoupa mti uzuri wake. Kila mtu anajua kwamba shina la mbuyu limejaa maji, na ni rahisi kudhani kwamba mti huyanywa maji hayo kidogo kidogo mpaka ukame uishe. Utafiti uliofanywa kwenye mibuyu ya Madagaska ulionyesha jambo jingine: akiba hiyo haitumiki kuuwezesha mti kuendelea na shughuli zake za kawaida wakati wa kiangazi, bali hutumika hasa kuchipua majani mapya muda mfupi kabla ya mvua, ili mvua itakapofika mti uwe tayari kuipokea.

Lifanyie kazi funzo hilo hivi. Kwanza, orodhesha mambo yanayokula fedha zako au nguvu zako, na uweke alama kwenye yale yanayoonekana na watu lakini hayakupi uhai. Hayo ndiyo majani yako, na ndiyo ya kupukutishwa mapema, kabla hujalazimishwa. Wengi husubiri mpaka maji yazidi unga ndipo wabane matumizi, na wakati huo hakuna tena kinachobaki cha kulinda. Pili, kama una akiba yoyote, ya fedha au ya muda au ya watu wanaokuamini, usiitumie yote kulinda maisha ya zamani yasibadilike. Gawanya sehemu yake mapema na uiite kwa jina la kazi yake: hii ni ya kuanzia upya. Nauli ya kwenda kwenye usaili, ada ya mafunzo mafupi, mtaji mdogo wa kwanza. Hayo ndiyo majani mapya, na mtu aliyemaliza akiba yote akijaribu kuonekana kama zamani hukuta mvua inanyesha naye hana jani la kuipokelea.

Kamongo, yule samaki mwenye mapafu anayeishi katika maziwa, mito na vinamasi vya Afrika, anakwenda mbali zaidi. Maji yanapokauka hujichimbia kwenye tope, hujikunja, na mwili wake hutoa ute unaokauka na kumfunika kama gamba, ukiacha tundu dogo la kupitishia hewa. Akiwa humo mapigo ya moyo wake hupungua sana na huishi kwa kula misuli ya mwili wake mwenyewe. Katika maabara, kamongo wamewahi kukaa hivyo hadi miaka 4 na kuamka. Jambo ambalo hutajwa mara chache ni kwamba mwili wake hukabiliwa na hatari ya sumu kutoka ndani: taka ya amonia, ambayo kwa kawaida huoshwa na maji, haina pa kwenda. Mwili huigeuza kuwa urea, ambayo si kali, na kuihifadhi mpaka maji yarudi. Mtu anayelazimika kujifungia katika kipindi kigumu, kwa mfano mgonjwa wa kitandani au mtu asiye na kazi anayeshinda ndani, hukabiliwa na hatari ya namna hiyo, kwa kuwa hasira na majuto ambayo siku za kawaida yangetoka kwa mazungumzo na shughuli hubaki ndani na kumdhuru. Yatafutie namna ya kuyageuza kila siku: kuandika, kusali, kutembea, au kumpigia simu mtu mmoja anayejua kusikiliza bila kuhukumu.

Kupumzika kwenyewe kuna mpangilio. Yupo kindi wa ardhini anayeishi katika maeneo ya Aktiki, kule kwenye baridi kali karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, ambaye hulala miezi 7 hadi 8 kwa mwaka, na joto la mwili wake huweza kushuka hadi nyuzi 2.9 za Selsiasi chini ya sifuri. Lakini halali mfululizo. Kila baada ya wiki 2 au 3 mwili wake hujipasha moto mpaka joto la kawaida, hukaa hivyo kwa saa kadhaa, kisha huzama tena. Na sehemu kubwa ya nishati anayoitumia majira yote ya baridi huishia katika vipindi hivyo vifupi. Kama kulala moja kwa moja kungetosha, mwili wake usingelipa gharama kubwa kiasi hicho. Ikiwa umeishiwa nguvu kiasi cha kujitenga na dunia, usijilaumu kwa kupumzika, lakini weka siku maalumu, hata moja kwa wiki, ya kuamka kikamilifu: kuoga, kuvaa vizuri, kutoka nje, kushughulikia karatasi zilizorundikana, kuonana na mtu uso kwa uso. Itakuchosha, na ni sawa ikuchoshe, kisha upumzike tena bila kujihukumu.

Usidanganywe na mvua ya kwanza

Katika majangwa kuna mimea ya msimu mmoja ambayo mbegu zake hukaa mchangani zikisubiri mvua. Ikinyesha mvua ndogo, nyingi hazioti. Ganda la baadhi ya mbegu hizo lina kemikali zinazozuia kuota, na kemikali hizo huoshwa tu na mvua ya kutosha, yaani ile inayoacha udongo na unyevu wa kuutosha mmea mpaka utoe mbegu zake. Na hata mvua hiyo ikija, si mbegu zote zinazoota. Sehemu hubaki ardhini kwa ajili ya mwaka mwingine, kwa kuwa mvua nzuri ya mwanzo inaweza kufuatwa na jua la kuunguza. Mmea ambao mbegu zake zote ziliota siku moja ungeweza kutoweka kwa msimu mmoja mbaya.

Mtu aliyekaa katika dhiki kwa muda mrefu ana kiu, na mwenye kiu hudanganyika upesi. Mshahara wa kwanza baada ya miezi mitupu, ahadi ya kwanza, siku ya kwanza bila maumivu: vyote ni mvua, lakini hujui bado ni mvua ya namna gani. Jiwekee kipimo mapema, kabla furaha haijaingia. Kwa mfano, amua kwamba hutachukua mkopo mpya mpaka umepokea mshahara wa miezi 3 mfululizo, au kwamba hutarudia kazi nzito mpaka daktari amekuona mara ya pili na kuridhika. Na hata kipimo kikitimia, usiweke nguvu zako zote mahali pamoja. Kusubiri kwa namna hii hakuozeshi matumaini. Mbegu ya mtende iliyopatikana katika magofu ya Masada, ngome ya kale iliyoko Israeli, yenye umri wa takriban miaka 2,000, ilipandwa mwaka 2005 nayo ikaota.

Kwa pigo la ghafla

Tarehe 18 Mei 1980 mlima wa volkano wa Mount St. Helens, katika jimbo la Washington nchini Marekani, ulilipuka, ukaua watu 57 na kuangusha misitu ya eneo kubwa sana. Aliyetazama kutoka angani aliona jivu na magogo tu, na ilikuwa rahisi kuamini kwamba uhai utalazimika kuanza kutoka sifuri kwa mbegu kutoka mbali. Watafiti walioingia huko walikuta jambo tofauti. Kwa kuwa ilikuwa Mei, theluji ilikuwa bado haijayeyuka katika sehemu za juu, na miti midogo iliyofunikwa nayo ilinusurika. Wanyama wadogo wachimbao mashimo, wanaofanana na fuko, walikuwa chini ya ardhi wakati wa mlipuko. Walipoanza kuchimba tena walileta juu udongo wa zamani wenye rutuba, wakauchanganya na jivu. Na kwenye uwanda uliofunikwa kabisa na mawe mepesi ya volkano, mmoja wa mimea ya kwanza kujitokeza ulikuwa lupini, wa jamii ya kunde, ambao kwa msaada wa bakteria walio kwenye mizizi yake hujipatia naitrojeni kutoka hewani na hivyo huweza kuishi mahali pasipo na rutuba. Ulipokufa, mabaki yake yakawa udongo wa wengine.

Kwa hiyo baada ya pigo, kazi ya kwanza ni kutafuta kilichosalia, kabla ya kufikiria ujenzi. Fanya hivyo kwa utaratibu: andika kilichokuwa chini ya theluji, yaani kile kilichokingwa kwa bahati tu bila wewe kukipanga, andika kilichokuwa chini ya ardhi, yaani ujuzi, tabia na uhusiano wa zamani ambao hukuwa ukiutumia na ambao pigo halikuufikia. Mtu aliyefilisika bado ana jinsi anavyojua kuongea na wateja. Mtu ambaye nyumba yake imeungua bado ana majirani waliowahi kula naye. Vitu hivi havionekani ukitazama kutoka mbali, na siku za mwanzo mwathirika mwenyewe huwa anatazama kutoka mbali, kwa hiyo mwombe mtu anayekufahamu mwandike pamoja.

Kisha chagua lupini yako. Katika hatua hii hutafuti shughuli yenye faida kubwa. Unatafuta ile inayoweza kuota mahali palipoungua, isiyohitaji mtaji usio nao, na ambayo itaacha nyuma yake kitu cha kupandia kingine. Ni jambo dogo kwa makusudi. Usione aibu kwa udogo wake.

Kwa jeraha lisilorudisha kilichoondoka

Tafuta mti mkubwa wenye kovu la tawi lililokatwa au kuvunjika miaka ya nyuma. Sogea karibu na upitishe kidole. Pembezoni mwa kovu utagusa mdomo mnene wa gome jipya uliojiviringisha kuelekea ndani, laini kuliko gome la kando yake. Katikati utaona ubao mkavu wa kijivu, pengine wenye nyufa na vitundu vya wadudu. Ubao huo hautapata uhai tena. Alex Shigo, mtafiti wa miti aliyefanya kazi katika Shirika la Misitu la Marekani na kupasua maelfu ya miti ili aone yaliyomo ndani, alionyesha kwamba mti haulikarabati jeraha kama ngozi yetu inavyofanya. Mti hulizungushia kuta za kemikali na za chembe zilizobadilika, ili uozo usivuke, kisha huendelea kuongeza ubao mpya kwa nje, mwaka baada ya mwaka. Jeraha hubaki ndani ya mti maisha yake yote, na mti huendelea kunenepa ukiwa nalo.

Naona faraja kubwa katika jambo hili, hasa kwa waliofiwa, ambao huambiwa kwamba muda utawasahaulisha na wanapoona hawasahau hudhani wana kasoro. Huhitaji kusahau. Unahitaji kuta na ubao mpya. Kuta ni mipaka unayoiweka ili huzuni isiingie katika kila chumba cha maisha: huenda ukaipa saa yake ya siku, mahali pake, na mtu wake wa kuizungumzia, huku ukiazimia kwamba wakati wa kula na watoto au wakati wa kazi hutailisha. Haitatii kila mara, na ikivuka irudishe taratibu. Ubao mpya ni jambo lolote linaloongezwa juu ya maisha yaliyobaki: uhusiano mpya, ujuzi mpya, jukumu jipya la kumsaidia mwingine.

Liko na onyo hapa. Zamani watunza miti walikuwa wakichokonoa mashimo ya miti, wakikwangua uozo wote mpaka wafike kwenye ubao mzima, kisha wakayaziba kwa saruji. Walidhani wanatibu, kumbe kwa kukwangua mpaka kwenye ubao mzima walibomoa zile kuta ambazo mti ulikuwa umezijenga, na uozo ukapata njia ya kuingia katika ubao mpya. Usimlazimishe mtu mwenye majonzi asimulie kila kitu kwa undani kwa sababu tu unaamini kutoa yote ndio kupona. Asimulie anachotaka, anapotaka, kwa anayemchagua. Na ikiwa jeraha lenyewe limekuwa gonjwa, usingizi umekwisha, chakula hakipiti, au mawazo ya kujidhuru yanakuja, mtafute daktari au mshauri wa afya ya akili siku hiyo hiyo. Kutazama miti si mbadala wa matibabu.

Pokezaneni upepo

Pengwini wakubwa kuliko wote huzaliana katikati ya majira ya baridi ya Antaktika. Dume hukaa na yai juu ya miguu yake kwa siku zipatazo 65, na kwa jumla huweza kukaa bila kula karibu miezi 4, akipoteza karibu nusu ya uzito wake. Hawezi kuyafanya hayo peke yake. Madume hujikusanya kwa kubanana, na watafiti waliowapiga picha kwa mfululizo waliona kwamba kila baada ya sekunde 30 hadi 60 hupita wimbi la hatua ndogo, za sentimita 5 hadi 10, katika kundi zima. Kwa hatua hizo kundi husogea polepole, na aliyekuwa anapigwa na upepo hujikuta baadaye amekingwa. Katikati ya kundi joto huweza kufika nyuzi 37, kiasi kwamba hata huko hakuna anayetaka kukaa daima.

Msaada mwingi wa binadamu huvunjika kwa sababu hauna mzunguko. Katika familia yenye mgonjwa, mtu mmoja husimama upande wa upepo kwa miezi, wengine wakimsifu kwa moyo wake, mpaka naye aanguke. Panga zamu mapema, ziwe fupi, na ziandikwe. Kila mmoja apewe kitu kidogo chenye mwisho: kumpeleka mgonjwa kliniki Jumanne, kukaa naye usiku mmoja, kulipa bili moja. Anayehitaji msaada naye aombe hatua ndogo, kwa kuwa ombi la jumla la "nisaidieni" humwacha kila msikilizaji akidhani mwingine ataitika. Na ukishapata joto, ukubali zamu yako ya kurudi pembeni.

Yasiyofaa kuigwa

Si kila kifanyikacho porini ni funzo. Majira ya baridi yakikaribia, nyuki hufukuza madume kwenye mzinga na kuyaacha yafe, kwa kuwa hayana kazi tena. Ndege wengi huacha kinda dhaifu afe njaa chakula kikipungua. Anayetumia mifano hiyo kuhalalisha kuwatupa wazee, wagonjwa au wafanyakazi wasio na nguvu ameacha kujifunza na ameanza kutafuta kisingizio. Binadamu tuna dhamiri, na tuna uwezo wa kupanga mgawanyo ambao nyuki hawana. Chukua mbinu, acha ukatili.

Namna ya kutazama

Kusoma kuhusu mbuyu au pengwini ni mwanzo tu. Faida kubwa hupatikana kwa kutazama kwa macho yako kiumbe kilicho karibu. Chagua kimoja tu, mti ulio njiani au mchwa wa uani, na ukirudie mahali pale pale mara kwa mara. Zima simu. Dakika za mwanzo hutaona kitu, kisha macho yatazoea. Andika ulichokiona kabla ya kuandika maana yake: jani lipi limeanguka, lipi limebaki, mizizi imepinda wapi kukwepa jiwe. Ukianza na maana utaona tu kile ulichokuja nacho kichwani.

Kutazama kwenyewe kuna manufaa hata kabla ya funzo lolote. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania: wale ambao madirisha yao yalitazama miti walitoka mapema kidogo na walihitaji dawa chache kali za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Na uchunguzi wa watu karibu 20,000 nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliokaa katika maeneo ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha. Asiyeweza kutoka nje aombe kitanda kisogezwe dirishani.

Dhiki ikipita, hifadhi kumbukumbu yake

Mwaka 1993 ukame mkali uliikumba Hifadhi ya Tarangire nchini Tanzania. Katika miezi 9, ndama 16 kati ya 81 wa tembo waliokuwa wakifuatiliwa walikufa, wakati katika miaka ya kawaida vifo vya ndama huwa ni takriban 2 kwa mia. Lakini vifo havikugawanyika sawa. Makundi mawili yaliondoka hifadhini na kwenda kutafuta maji na malisho kwingine, na yalipoteza ndama wachache kuliko kundi lililobaki. Watafiti waliona kwamba makundi yaliyoondoka yalikuwa na majike wenye umri wa kutosha kuwa walishuhudia ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961, ilhali kundi lililobaki halikuwa na majike wa umri huo, kwa sababu wengi walikuwa wameuawa na majangili.

Kwa hiyo ukiwa bado katika dhiki, mtafute mzee aliyewahi kupita katika dhiki ya aina yako na umuulize maswali ya vitendo: alianza kupunguza nini, alikwenda wapi, nani alimfungulia mlango, ni dalili gani aliipuuza. Na ukishatoka, kaa chini ndani ya wiki chache, kabla kumbukumbu haijafifia, uandike majibu yako mwenyewe kwa maswali hayo hayo, pamoja na tarehe, kiasi cha fedha, na majina ya watu waliosaidia. Mpe nakala mtu mmoja aliye mdogo kwako kwa umri, umsomee kwa sauti, na umwache aulize asichokielewa.